Tayamamu Ukingoni mwa Maji

Zama zile Kilwa ilipokuwa mji wa mawe na kuba, na wana wake wakivaa hariri siku za kazi kama wengine wavaavyo siku ya Idi, aliondoka fundi mmoja wa nakshi, jina lake Ngwali bin Fakihi, akaenda mashariki ya mbali hadi Pasai, kuchonga kibla cha msikiti. Kazi ile ilimchukua miaka miwili. Alipoimaliza alipanda chombo cha kaka yake, Nahodha Shomari, ambaye alitaka kwanza kufika Timori kutwaa msandali, ule mti wa manukato, ndipo warudi kwao. Msandali waliupata. Njia ya kurudi ndiyo hawakuipata. Tufani iliwachukua siku sita upande wa kusini, hata Mwalimu Idarusi, msoma nyota na mwonyesha njia wa chombo kile, akawa hana jina la kupaita walipo. Siku ya saba bahari ikawabwaga juu ya miamba ya nchi nyekundu, watu kumi na watatu, wazima wote.

Nchi ilikuwa nyekundu kweli. Udongo mwekundu, majabali mekundu, na vumbi jekundu lililoingia mpaka ndani ya wali. Chombo kilikuwa kimepasuka ubavu. Mabaharia wakaanza kukifumua na kukishona upya, maana vyombo vya Kilwa siku hizo vilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, havikupigwa misumari. Kushona ni kazi ya wanaoijua. Siku ya kwanza Ngwali aliangusha kikapu kizima cha kamba majini. Siku ya pili alijidunga kiganja kwa sindano. Siku ya tatu kaka yake akamwambia, "Ngwali ndugu yangu, nakupenda. Nenda katembee."

Akatembea, na huko akakutana na wenye nchi.

Walikuwa watu warefu, weusi wa kung'aa, wamejipaka vifuani mistari ya udongo mweupe. Mikuki yao ilikuwa mirefu kuliko ya Waswahili, nao waliirusha kwa kibao maalumu kilichoongeza mkono wa mtu urefu, ikawa inakwenda mbali kama mshale. Aliyesema akasikilizwa kati yao alikuwa bibi mmoja mwembamba, asiye na meno ya mbele, aitwaye Yalumirri. Ngwali alimtolea kitambaa cha hariri ya Kambaya. Bibi akakinusa, akakivuta kuona kama kitakatika, kisha akakifunga shingoni mwa mbwa wake. Mbwa akatembea kwa madaha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Ngwali naye akacheka, na kwa kicheko kile akawa si mgeni sana.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ngwali alipewa kijiti cha kuchimbia viazi mwitu siku ile ile ya kwanza. Siku arobaini alichimba na akina mama, akala kasa na akina baba, akajifunza maneno yao moja moja kama mtoto. Kijana wa dada yake bibi, mwindaji aitwaye Garrkuma, alikuwa akimrekebisha matamshi na kumwiga mbele ya watu. Hakuna aliyekasirika.

Siku ya arobaini na moja visima vya pwani vikageuka chumvi.

Nahodha Shomari aliwakusanya watu wake mbele ya mitungi. "Maji tuliyo nayo ni ya siku tatu," alisema, "na hapo ni tukinywa kama ndege. Chombo kinataka siku kumi nyingine ndipo kishuke majini. Hesabu hiyo haihitaji mwanachuoni."

Mpishi wa chombo, Kitwana, mzee kuliko wote, alikuwa amelala chini ya tanga akitetemeka kwa homa. Akasema palepale alipolala, "Basi mtu aende haraka. Wali haupikwi kwa mate."

Ngwali akaenda kwa Bibi Yalumirri, akamweleza kwa maneno aliyokuwa nayo.

"Yapo maji yasiyokauka," akasema bibi. "Ni ya mama zangu, ndani ya korongo. Kwenda ni siku moja na nusu. Njooni wawili. Si watatu."

Wa pili akawa Mwalimu Idarusi, aliyejitaja mwenyewe. "Nitakwenda na fundi," alisema, "asije akanywa akatusahau." Alisema kama mzaha, lakini alichukua jambia lake.

Basi waliondoka wanne, wao wawili na bibi na Garrkuma, na viriba sita vya ngozi ya mbuzi. Siku moja na nusu kwenda, siku moja na nusu kurudi: jumla siku tatu, bila saa moja ya ziada.

Njia ile Ngwali hakuisahau umri wake wote. Walipita katika uwanda wa vichuguu virefu kama minara, vimesimama maelfu kama mji uliohamwa. Waliona ndege mkubwa asiyeruka, ndugu wa mbuni, akiongoza vifaranga vyenye milia, naye ni dume, kwa maneno ya Garrkuma, kwa kuwa jike hutaga akaenda zake. Waliona mnyama yule ambaye siku hizi watu wamemsikia kwa jina la kangaruu: kimo cha mtu, mkia mnene kama mchi, akiruka kwa miguu miwili na mtoto akichungulia katika mfuko wa tumbo. Mwalimu Idarusi alisimama akamtazama mpaka akapotea.

"Subhana Llahi," akasema. "Nikisimulia haya Kilwa watanivua kilemba."

"Usisimulie," akasema Ngwali.

"Kisha nife nayo tumboni?"

Adhuhuri ya siku ya pili walifika kwenye kinywa cha korongo. Magenge yalipanda kulia na kushoto, mekundu, tabaka juu ya tabaka, yamepangwa sawa kama ukuta wa fundi asiye na haraka. Ngwali, ambaye maisha yake yote alikuwa akipima kuta za wenzake kwa jicho na kuziona zimepinda, hapo hakuona pa kusahihisha. Juu kasuku weupe walizunguka kwa kelele. Upepo uliotoka ndani ulikuwa na harufu ya maji.

Mwalimu akasonga mbele. Garrkuma akaweka mkuki wake mbele yake, taratibu, kama mtu afungaye mlango.

Bibi Yalumirri akamwita Ngwali. Akatia mkono wake kwapani, akautoa umelowa jasho, akampaka fundi juu ya paji la uso, kifuani, na mikono yote miwili hadi vidoleni. Kisha akageukia korongo akaita kwa sauti kuu, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ya mbali. Ngwali alielewa maneno machache: wazee, mwanangu, ametoka mbali, ana kiu.

Akamgeukia Mwalimu na mkono wake umelowa. Mwalimu akarudi nyuma hatua tatu.

"Mwambie nashukuru," alisema. "Mimi nitangoja hapa."

Bibi akamtazama juu mpaka chini, akasema neno, Garrkuma akacheka.

"Anasemaje?" akauliza Mwalimu.

"Anasema unaogopa kikongwe."

Ngwali alipokuwa anaingia, Mwalimu akamwita nyuma kwa Kiswahili. "Fundi. Umeguswa na mwanamke asiye maharimu wako. Udhu umetenguka, na adhuhuri imeingia. Ukifika kwenye maji, tawadha kwanza."

Alimwambia kwa wema, na Ngwali alipokea kwa wema. Ndivyo alivyofunzwa tangu utoto. Watu wa Kilwa ni Mashafii, na mguso wa ngozi kwao hauna mjadala.

Bwawa lilikuwa ndani, chini ya genge kubwa lililoinama kama paa. Maji ya kijani, matulivu, na mamba mdogo wa mdomo mwembamba amelala juu ya jiwe ng'ambo, hajali mtu. Ngwali alijaza kiriba cha kwanza, akakiweka kando. Hakunywa bado. Alisema moyoni kwamba mahali kama hapa mtu haanzi kwa tumbo lake. Akapiga goti, akasema bismillahi, akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso, mikono mpaka viwikoni, akapaka kichwa, akatia miguu majini.

Alipoinua macho, Bibi Yalumirri alikuwa amesimama mdomo wazi, na Garrkuma ameutia mkuki kwenye kibao chake.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alimshika fundi mkono, akamtoa nje ya korongo kama mtu amtoavyo mgonjwa kwenye moto. Kwenye kinywa cha magenge akaonyesha kiriba.

"Mwaga."

Ngwali akamwaga. Mchanga ukayanywa maji yale yote, na Mwalimu Idarusi akatoa sauti kama aliyechomwa.

"Nilikutia jasho langu," akasema bibi, "ili maji yakunuse yajue u mwanangu. Wewe ukalifua jasho lile ndani ya maji yenyewe, wazee wakikutazama. Umewaambia: mama huyu mimi simjui. Sasa u mtu asiye wa mtu. Ukidhurika mle ndani, wataniuliza mimi niliyekuleta."

"Bibi, kwetu mtu akikaribia kitu kitukufu hujiosha."

"Hujiosha nini? Watu wake?"

Bibi akaenda kukaa kwenye kivuli upande wa pili na mpwa wake, akawapa migongo.

Jua likakaa juu ya vichwa vyao. Walikuwa wamekunywa maji yao ya mwisho asubuhi. Mwalimu Idarusi alitembea huku na huku, akasimama.

"Ni wawili," akasema kwa sauti ya chini. "Kikongwe na kijana mmoja. Jambia ninalo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, fundi."

"Na kesho nyama ikiisha?"

"Kesho tutakuwa hai."

"Kesho tutataka maji tena, na keshokutwa, siku kumi, na kila jabali hapa lina mkuki nyuma yake. Mwalimu, jogoo la shamba haliwiki mjini. Sisi tumezoea kwamba mji ni wetu. Hapa wa shamba ni sisi."

Mwalimu akakaa chini. "Basi nieleze utaswali vipi," akasema kwa ukali wa mtu aliyeshindwa upande mmoja akageukia wa pili. "Akikupaka tena, udhu huna. Kutawadha hawataki. Utatayamamu kwa mchanga, na bwawa zima liko mbele yako? Tayamamu ni ya asiye na maji."

Ngwali alifikiri. Hakuwa mwanachuoni, chuoni alikaa miaka mitatu tu kisha akapewa tindo ya kuchongea. Lakini safari ilikuwa ndefu, na jioni nyingi Mwalimu alikuwa amewasomesha mabaharia.

"Tulipokuwa Timori," akasema, "uliniambia mtu akikuta mtungi wa mwenziwe njiani, na mwenyewe hajamruhusu, basi kwa sheria maji yale ni kama hayapo. Akitawadha nayo amepata dhambi ya kunyang'anya. Hukuniambia hivyo?"

Mwalimu akavuta ndevu zake.

"Hukuniambia?"

"Nilikuambia mtungi."

"Na lile ni mtungi wa Mungu aliowapa hawa. Bibi ametupa ruhusa ya kunywa na kuchukua. Ya kuogea hakutupa."

Mwalimu Idarusi aliangalia mikono yake. Mwisho akasema, "Kumbe ulikuwa unasikiliza. Nilidhani unasinzia."

Ngwali akaenda kwa Bibi Yalumirri, akakaa chini mbele yake, chini kuliko yeye, akasema kwa maneno yake machache: nilikosa, sikujua, nipake tena, sitalifua, kaka yangu yuko pwani.

Kivuli cha genge kilitambaa kutoka jiwe hadi jiwe, na kila alipokitazama Ngwali aliona mitungi ya pwani ikishuka. Jua lilipokuwa limeinama sana ndipo bibi akasema, "Yule naye."

"Mwalimu?"

"Maji humwogopa mtu afichaye harufu yake. Nyote wawili, au hakuna."

Ngwali akapeleka habari. Mwalimu Idarusi alikuwa mtu wa nyumba kubwa. Kanzu yake ilifuliwa peke yake. Alivua kilemba, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jiwe. Kisha akaenda akasimama mbele ya kikongwe, akafumba macho, akatoa uso kama mtoto anyolewaye. Bibi alimpaka sana, kuliko alivyompaka Ngwali, akampaka na ndevu, huku akizungumza mwenyewe.

"Anasemaje sasa?" akauliza Mwalimu, macho bado ameyafumba.

"Anasema ndevu zako nzuri, ila hukulishwa vizuri."

"Mwambie mpishi wetu ni mgonjwa."

Bibi akaita tena kuelekea korongo, safari hii kwa wana wawili. Wakaingia.

Alasiri ilikuwa karibu kuwapita. Watu wawili wenye midomo iliyopasuka kwa kiu walisimama ukingoni mwa maji mengi kuliko waliyoyaona tangu Timori, wakapiga viganja vyao juu ya vumbi jekundu, wakapangusa nyuso, wakapiga tena, wakapangusa mikono. Wakaswali. Walipotoa salamu, bibi na mpwa wake walikuwa wamechuchumaa wakiwatazama, na nyuso zao zilikuwa zimebadilika.

"Mmejipaka nchi yetu," akasema bibi. "Nani amewafundisha?"

Mwalimu alipotafsiriwa, akafungua kinywa aeleze masharti na nguzo zake. Kisha akaona vifua vya wale wawili, na udongo juu yake, akafunga kinywa. "Mwambie tulifundishwa na wazee wetu," akasema.

"Njooni basi wawaone," akasema bibi.

Aliwapandisha hadi chini ya paa la genge, na hapo Ngwali, mchongaji wa maua na mafundo, ambaye katika umri wake hakuwahi kuchonga hata sikio la paka kwa kuogopa sura za viumbe, aliona ukuta uliojaa viumbe. Samaki aliyechorwa akionekana mifupa na ini kwa ndani, kana kwamba mchoraji alimpenya kwa jicho. Kasa. Yule ndege asiyeruka. Mnyama wa mfuko anaruka. Watu wembamba wanakimbia na mikuki, wadogo kama vidole, na chini yao wengine waliofifia, na chini yao wengine tena, mchoro juu ya mchoro, hata mtu asingejua ukuta unaanzia wapi. Rangi aliijua: ni ngeu, udongo mwekundu, ile ile ambayo mafundi wa Kilwa huitia kwenye uzi kupigia mstari. Miaka yote ameitumia kwa mstari, kisha huufuta.

"Nani alianza?" akauliza.

Bibi akainua mabega. "Ulipoona bahari, uliuliza nani alimwaga?"

Mwalimu Idarusi alikuwa ameinamisha macho. Lakini Ngwali alimwona akichungulia, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akamtazama yule samaki waziwazi, kwa jinsi alivyotazama nyota.

Ndipo wakanywa. Ndipo wakajaza viriba sita. Kabla hawajaondoka, bibi alitafuna udongo mweupe na maji, akauweka mkono wa Ngwali juu ya jiwe, akaupulizia kwa kinywa. Alipouondoa, mkono ukabaki pale, mwekundu wa jiwe katikati ya weupe. Akamtazama Mwalimu.

Mwalimu akafikiri. "Mkono peke yake si kiumbe," akasema polepole. "Hauna kichwa, hauna roho." Akakunja mkono wa kanzu, akakiweka kiganja chake kando ya kile cha fundi.

Walirudi bila kulala, polepole kwa giza na uzito wa maji, Garrkuma akibeba viriba viwili ambavyo hakuombwa kubeba. Hata hivyo walikuwa wamechelewa nusu siku. Walipofika pwani Nahodha Shomari alikuwa hai, midomo myeusi, na wengine tisa walikuwa hai. Kitwana mpishi alikuwa amefunikwa kwa tanga. Alifariki asubuhi ile. Na fungu lake la maji la siku ya mwisho, Nahodha alisema, alilikataa akaligawa.

Ngwali alikaa kando ya maiti. Alijua nusu siku ile ilikwenda wapi, na Mwalimu alijua. Walipokuja kumwosha maiti, Mwalimu akawazuia watu, akamtayamamisha marehemu kwa vumbi jekundu. Hakuna baharia aliyeuliza.

Siku zilizobaki wanaume wa Kilwa walikwenda korongoni wawili wawili, na kila mmoja alipakwa jasho na kikongwe, akatajwa kwa wazee. Hakuna aliyekataa. Chombo kikashuka, na pepo zikawachukua Timori, na baada ya mwaka na miezi wakaona minara ya kwao.

Huko Kilwa Mwalimu Idarusi aliandika safari ile katika kitabu chake cha njia, kile ambacho waalimu wa baharini huachiana. Ngwali alipita nyumbani kwake, akaomba asomewe. Mwalimu akasoma nyota, pande za upepo, miamba ya kuepukwa. Kisha: "Nchi nyekundu, kusini. Tulipata maji. Tulizika mmoja."

"Ndiyo hayo tu?"

"Nikiandika mnyama mwenye mfuko, hawataiamini hata miamba. Watu watavunja vyombo kwa sababu ya mnyama."

Ngwali hakubishana juu ya mnyama. "Mtu atakayesoma 'tulipata maji'," akasema, "atakwenda pale ajichotee. Na mwenzake atafia pwani."

Mwalimu alikitazama kitabu. Karatasi ilikuwa imejaa. Baina ya mstari na mstari palibaki nafasi ya kucha. Akachovya kalamu, akainama mpaka ndevu zikagusa ukurasa, akaandika kwa herufi ndogo sana, juu ya neno maji: kwa idhini ya wenyewe.

Akapuliza wino ukauke.